Wasomaji Wauliza: Kilio Humfichua, au Kifo Humuumbua?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Hivi karibuni tulikuwa matangani kwa jirani, na mzee mmoja aliyekuwa akizungumza na vijana akatoa methali, "Mficha maradhi kilio humfichua." Shemeji yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akamsahihisha kwa sauti ya chini kwamba methali yenyewe ni "Mficha maradhi kifo humuumbua." Tangu siku hiyo ubishi haujaisha nyumbani kwetu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimeona haya kwamba nimeulizwa maana na asili ya neno "fichua" nikababaika. Naomba mtueleze neno hili limetoka wapi, na kama lina tofauti yoyote na umbua, funua na toboa, au kama yote ni mamoja. — Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, kwanza nikuondolee wasiwasi kwamba mzee hakukosea, na shemeji yako hakukosea pia, isipokuwa kwa kudhani kwamba matangani ni mahali pa kusahihishana methali. Methali hii husemwa kwa sura zote mbili, kama zilivyo methali zetu nyingi ambazo zilipita midomoni mwa watu kwa muda mrefu kabla ya kufika vitabuni. Hata hivyo, kusema kwamba sura zote mbili ni sahihi si kusema kwamba zina maana moja.

Neno "fichua" limezaliwa na "ficha". Mzizi ni fich-, na baada yake imepachikwa -u- kabla ya irabu ya mwisho. Wanasarufi wetu huiita kauli hii "kauli ya kutendua", na jina hilo lenyewe ni mfano mzuri wa kinachozungumzwa, kwa maana kutenda ni kufanya jambo na kutendua ni kulirudisha nyuma jambo lililokwisha kufanywa. Ndiyo kauli tunayoikuta katika funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Mzizi ukiwa na irabu o, kiambishi nacho hugeuka o kwa kuifuata, na ndiyo maana tunasema choma, kwa maana ya kudunga, na chomoa.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kiambishi hiki kina konsonanti inayojificha. Tunasema "fichua", lakini siri ikitendwa na mtu tunasema "imefichuliwa", na tukimtendea mtu tunasema "amenifichulia". Hiyo l haikuletwa na kauli ya kutendwa wala ya kutendea. Ilikuwamo tangu zamani, kwa sababu umbo la kale la kiambishi chetu ni -ul-, na Kiswahili kiliidondosha l ilipokaa kabla ya irabu ya mwisho, kikaibakiza pale inapofuatwa na kiambishi kingine. Lugha nyingi za jamaa yetu bado zinaitamka kama l au r. Katika Kikuyu kufunga mlango ni "hinga" na kuufungua ni "hingũra". Katika Chichewa ni "tseka" na "tsegula".

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Rwanda. "Ficha" ni neno la Kibantu halisi, lenye ndugu kama "hitha" la Kikuyu, "fihla" la Kizulu na "hisha" la Kinyarwanda. Kinyarwanda kimefanya kile kile tulichofanya sisi, kwa kuongeza kiambishi cha kutendua na kupata "hishura", yaani fichua. Na kitabu cha mwisho cha Biblia, ambacho sisi tunakiita Ufunuo, Wanyarwanda wanakiita Ibyahishuwe, maana yake neno kwa neno ni "yaliyofichuliwa". Watafsiri wao walichagua njia ya ficha, na wa kwetu wakachagua njia ya funika, na hapo tunakaribia sehemu ya pili ya swali lako.

Kwa kuwa fichua ni kutendua, ndani yake mna sharti ambalo wengi hulisahau. Huwezi kufungua kisichofungwa wala kutegua mtego ambao haukutegwa, na kwa kipimo hicho huwezi kufichua jambo ambalo hakuna aliyelificha. Neno hili lina watu wawili ndani yake, yule anayetajwa anayetoa jambo nje, na yule asiyetajwa aliyeliweka gizani kwa makusudi. Mtu akikuambia "nimefichua", una haki ya kumwuliza alikuwa amelificha nani.

Funua halina sharti hilo. Limetokana na funika, ambalo hupoteza -ik- yake na kupokea -u-, kama bandika linavyozaa bandua na anika linavyozaa anua. Chukua meza ya chakula ambayo juu yake pamefunikwa kawa. Anayeinua kawa amefunua, na hakuna siri yoyote iliyotoka, kwa sababu chakula kilifunikwa kisiingiwe na nzi na harufu ilikwisha kutuambia ni nini. Sasa tazama mtoto aliyezika kipande chake cha nyama chini ya wali ili aongezwe kingine, na dada yake anayeupekua ule wali kwa ncha ya kidole, akapiga ukelele, "Anacho!" Huyo dada amefichua. Ni sahani ya meza ile ile, ila safari hii palikuwa na nia ya kuficha, na neno likabadilika.

Kwa kuwa nimetaja anika, niseme jambo moja juu yake kabla sijaendelea. Tunasema siri za mtu "zimeanikwa hadharani", na picha yake ni ya nguo au nafaka iliyotandazwa juani. Kitenzi cha kuitoa nguo juani kipo, nacho ni anua, lakini sijapata kumsikia mtu akisema ameanua siri. Lugha imekubali nusu moja ya tendo na kuikataa nusu ya pili, na sidhani kwamba imefanya hivyo kwa bahati mbaya.

Umbua nalo ni la kutendua, na mzazi wake ni umba, kufanya kitu kikawa na umbo. Kuumbua basi ni kuliharibu umbo, na kutoka hapo maana ikasogea hadi kumvunjia mtu sura yake mbele ya watu, yaani kumwaibisha kwa kumtolea nje lililokuwa ndani. Tofauti yake na fichua hujionyesha mara moja ukitumia kauli ya kutendeka. Siri hufichuka, lakini mtu huumbuka. "Siri imeumbuka" ni sentensi ambayo hakuna Mswahili atakayeikubali. Kwa maneno mengine, fichua linahusu habari na umbua linahusu uso wa mtu.

Wala si sisi peke yetu tuliounganisha kufunua na kufedhehesha. Maneno yetu "kashifu" na "kashfa" yametoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kuondoa kifuniko, tena maana isiyo na ubaya wowote. Kwa masufi "kashf" ni kuondolewa pazia na kuona mambo ya kiroho. Kiswahili kililipokea neno hilo kikalibakizia aibu tu. "Fedheha" nalo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutoa aibu ya mtu hadharani. Na hapa niwatahadharishe wanafunzi wako, Mwalimu, kwamba "siri" na "sitiri" hayatoki katika mzizi mmoja ingawa yanafanana sauti na hukaa jirani katika maana. Siri ni la mzizi wenye r mbili, na sitiri ni la mzizi wa kufunika, uliotupa pia "stara".

Turudi sasa matangani. Ukiichunguza methali ya mzee utaona kwamba haikusema "kilio huyafichua", ingawa kilichofichwa ni maradhi na upatanisho wake ungekuwa ya-. Imesema "humfichua", na yule m- ni mficha mwenyewe. Anayeficha maradhi hujificha pamoja nayo, kwani huacha kutoka nje, huacha kupokea wageni, na jirani akiuliza huambiwa kwamba ana mafua tu. Kisha siku moja alfajiri sauti ya kilio inapenya ukutani, na nyumba zote za mtaa zinajua kwa pamoja. Kilio ni sauti, na kazi ya sauti ni kupeleka habari, ndiyo maana kimeoana na fichua. Kifo cha shemeji yako hakipeleki habari. Chenyewe humkuta mtu na uongo wake mkononi, kikamwacha bila ile sura aliyokuwa akiishikilia, ndiyo maana kimeoana na umbua. Ningewashauri mwache kubishana, ila msichanganye, kwa sababu "kilio humuumbua", ingawa nako husemwa, hupoteza ladha ya pande zote mbili.

Kuhusu toboa, sitakaa sana. Mwisho wake unafanana na wa kauli ya kutendua, lakini si wa kauli hiyo. Kipimo ni kuondoa kiambishi na kuona kama kinabaki kitenzi chenye maana iliyo kinyume. Ukikiondoa katika toboa unabaki na "toba", ambayo ni kumrudia Mungu na haihusiani na tundu hata kidogo. Nunua, chukua na sugua nayo hayapiti kipimo hiki. Ndugu wa toboa ni "tobo", yaani tundu, na anayetoboa siri anaifanya kama gunia la nafaka, akalidunga mahali pamoja tu na yaliyomo yakaanza kumwagika yenyewe. Vijana wa siku hizi wamelichukua neno hilo kwa maana ya kufanikiwa maishani, wakiwa na picha ya mtu aliyepenya akatokea upande wa pili, na kwa hiyo ukimsikia kijana akisema "mwaka huu lazima nitoboe", usimwonye juu ya siri za watu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwandishi wa habari chipukizi. Mkubwa wangu alinirudishia habari niliyoipa kichwa "Daktari afichua faida za tangawizi", akakata neno "afichua" kwa kalamu nyekundu bila kunieleza sababu. Kosa langu ni nini? Na tena, mtu anayetoa nje maovu ya mahali anapofanyia kazi kwa faida ya umma aitwe nani kwa Kiswahili fasaha? — Mwandishi chipukizi

JIBU: Mkubwa wako ana haki, ingawa angekuwa mwungwana zaidi kama angekueleza. Soma jibu la hapo juu kisha ujiulize ni nani aliyekuwa ameficha faida za tangawizi. Hakuna. Daktari amezieleza, amezitaja, amezibainisha au ameziweka wazi, na kila kimoja cha vitenzi hivyo kingetosha. Siku hizi magazeti yamelifanya "afichua" kuwa kitenzi cha kila kauli. Mwanamuziki akisema anapenda kulala mapema "amefichua", na kocha akitaja kikosi chake "amefichua". Nadhani chanzo chake ni habari zinazotafsiriwa haraka kutoka katika lugha ambazo kitenzi chao kimoja hubeba kazi za vitenzi vyetu vitano. Hasara yake ni kwamba siku utakapopata habari ya fedha za umma zilizoandikwa katika daftari la pili lililofungiwa kabatini, utalihitaji neno hili nawe utalikuta limechakaa.

Tofautisha pia kufichua na kuvujisha, maana katika kazi yako yatakuja pamoja kila mara. Kinachovuja ni kile kilichohifadhiwa ndani ya chombo, kama maji ndani ya mtungi wenye ufa, na kwa kawaida hutoka polepole na kwa upande ambao hatuuoni. Mtihani huvuja, nyaraka huvuja, rasimu ya bajeti huvuja. Aliyevujisha huenda asijulikane na huenda hata asiwe amesoma anachokitoa. Chukua zile nyaraka milioni 11.5 za kampuni moja ya mawakili ya Panama. Zilivuja kwanza, zikafika mikononi mwa waandishi wa gazeti moja la Ujerumani, ambao waligawana kazi na waandishi wenzao wa nchi nyingi, wakakaa kimya kwa muda mrefu wakisoma, wakilinganisha majina na kuhakiki. Tarehe 3 Aprili 2016 ndipo walipofichua yaliyokuwamo. Kuvuja na kufichua yalikuwa matendo mawili, yaliyofanywa na watu tofauti na katika nyakati tofauti, na habari inayosema kwamba nyaraka "zilifichuliwa" na yule wa kwanza humpa sifa au lawama isiyo yake.

Ama jina la mtu huyo, yako manne yanayozunguka. "Mpuliza filimbi", au "mpuliza kipenga" kwa wengine, ni tafsiri ya sisisi ya jina la Kiingereza, na kwa msomaji wetu anayepuliza kipenga ni refa tu. Sipendekezi. "Mtoa taarifa" ndilo jina lililoingia katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa na mashahidi, na kwa sheria linafaa kwa upana wake, kwa sababu mlindwa huenda ametoa habari za uhalifu ambao wala haukufichwa. Katika sentensi ya gazeti, hata hivyo, limepoa mno, kwani karani anayetangaza saa ya kuondoka kwa meli naye ni mtoa taarifa.

Yanabaki "mfichuzi" na "mfichuaji". Yote mawili yameundwa kwa kanuni. Mfichuzi limefuata njia ya kale, ambayo ile l niliyoitaja awali, ikikutana na i ya kuundia nomino, hugeuka z, kama nunua linavyotoa mnunuzi, chagua likatoa uchaguzi na pindua likatoa mapinduzi. Mfichuaji limefuata njia ya -aji, ambayo mara nyingi humtaja mtu aliyelifanya tendo kuwa mazoea au kazi yake. Kwa kuwa mtu tunayemzungumzia aghalabu hufanya hivyo mara moja tu maishani, na kwa gharama kubwa, mimi ningeandika mfichuzi, na tendo lake ningeliita ufichuzi. Magazeti ya Kenya yamekwisha kulizoea.

Epuka tu kumwita mdaku au mchongezi. Mdaku hutafuta ya watu kwa sababu ya utamu wa kuyajua, na mchongezi humpelekea mkubwa maneno ya mwenzake ili mwenzake aumie. Chongea ni kitenzi kinachomtazama mtu wa kuumizwa, wakati fichua hutazama jambo lililofichwa. Watuhumiwa wa ufisadi hupenda sana kubadilishana maneno hayo mawili mbele ya vinasa sauti vyenu, nanyi mnapaswa kuwa macho mnapowanukuu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba "kumwaga mtama" ni msemo wa kigeni uliotafsiriwa, na kwamba Mswahili halisi angesema "kupasua mbarika"? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Misemo yote miwili ni yetu. Kwamba Waingereza nao wana msemo wa kumwaga maharagwe kwa maana hiyo hiyo hakuufanyi wetu kuwa wa kuazima, kwa sababu sisi tuna methali isemayo "Penye kuku wengi hapamwagwi mtama", na anayemwaga mtama ni yule aliyefanya kile methali ilichomkataza. Kuna tofauti ndogo ambayo ningependa isipotee. Anayemwaga mtama anakosea mahali, kwani jambo lenyewe huenda lingeweza kusemwa mbele ya wawili au watatu wanaohusika. Anayepasua mbarika hakosei mahali. Amelibana jambo hadi limemshinda, akalisema waziwazi na kwa kishindo, mara nyingi mbele ya wale wale lililokuwa likiwahusu.

Mbarika ni ule mmea unaotoa mafuta ya nyonyo. Matunda yake yana miiba laini na vyumba vitatu vya mbegu, na yakikauka vizuri hupasuka yenyewe, yakazirusha mbegu mbali na shina. Aliyepata kuyaanika juu ya mkeka wakati wa jua kali anaijua sauti hiyo, na anajua pia kwamba jioni mbegu huokotwa nje ya mkeka.